Nani Apunguze Kwanza?

Ugomvi wa bendi unaoandikwa magazetini aghalabu ni ule wa fedha, au wa mwanamuziki fulani kuhama. Huo nao upo, siukatai. Lakini mtu aliyewahi kupanda jukwaani na kupiga chombo pamoja na wenzake usiku kucha anajua kwamba upo ugomvi mwingine, wa kila siku, ambao hauandikwi popote. Ni ugomvi wa sauti: nani asikike, asikike kwa kiasi gani, na nani apunguze ili mwenzake naye asikike. Wengi hudhani hilo ni jambo la fundi mitambo, la kumalizwa kwa kuzungusha vitufe. Mimi nimepiga tumba kwa miaka mingi katika kumbi za kati ya Bagamoyo na Bunju, na katika harusi zisizo na hesabu za hapa kwetu Zinga, na nathubutu kusema kwamba hili ni swali la haki, kama lilivyo swali la nani achote maji kwanza kisimani wakati wa kiangazi.

Tuangalie kwanza jinsi ugomvi wenyewe unavyozaliwa, kwa sababu hauzaliwi na ubaya wa mtu. Jioni, ukumbi ukiwa mtupu, vyombo hupimwa na kila mmoja huridhika. Saa nne usiku ukumbi umejaa, na miili ya watu hunyonya sauti kama mchanga unyonyavyo maji. Mpiga rizimu anajikuta hajisikii. Anaongeza kidogo, kidogo tu. Sasa mpiga solo ndiye asiyejisikia, naye anaongeza. Besi linafuata, kinanda kinafuata. Mpiga dramu, ambaye hana cha kuzungusha, anaanza kupiga kwa nguvu ya bega badala ya nguvu ya kifundo cha mkono. Ikifika saa sita kila mmoja amerudi pale pale alipoanzia, yaani hajisikii, isipokuwa sasa wote wanapiga kelele. Ukiwahoji mmoja mmoja utaona kila mmoja ana hoja ya kweli. Hakuna aliyetaka kumfunika mwenzake. Kila mmoja alitaka tu kujisikia, na mpigaji asiyejisikia hawezi kupiga sawasawa.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni vyombo vikubwa zaidi. Wanauza ng'ombe, wanakopa, wanakwenda Kariakoo kutafuta amplifaya ya wati 100 badala ya ile ya wati 50. Lakini sikio la binadamu halihesabu hivyo. Ukizidisha wati mara mbili, sikio huona nyongeza ndogo tu. Ili msikilizaji aseme kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika karibu mara 10 ya zile wati za awali. Kwa hiyo anayenunua wati ili amshinde mwenzake ananunua kitu kidogo sana kwa fedha nyingi sana.

Kumbe ziko njia za bure, na nitazitaja hapa kwa sababu vijana wanaoanzisha bendi huniuliza. Amplifaya ya gitaa ikiwekwa sakafuni, nyuma ya visigino vya mpigaji, sauti yake humpita magotini. Yeye haisikii, na mtu aliyekaa mbele yake hatua kumi anaziba masikio. Ipandishe juu ya kreti la soda, iinamishe kidogo nyuma ili imwelekee kichwani, naye atapunguza mwenyewe bila kuombwa. Spika kubwa za ukumbi zitangulie mbele ya waimbaji, zisikae nyuma yao, ama sivyo kipaza sauti kitaisikia spika, na spika itapaza tena kile kilichosikiwa, na ndipo unapozaliwa ule mluzi unaowafanya akina shangazi washike vichwa. Mwimbaji akisogea kutoka vidole vinne hadi vidole viwili mbele ya kipaza sauti, anapata nyongeza ambayo ungeitafuta kwa amplifaya yenye nguvu mara nne. Na sisi tunaoishi kando ya bahari tufute nyuzi za gitaa kwa kitambaa kikavu kila tumalizapo kupiga, kwani hewa ya chumvi huzila. Gitaa lenye nyuzi za kutu halikai katika sauti yake, na mwenye kulipiga hudhani hasikiki, kumbe anasikika vizuri sana ila amepishana na wenzake.

Jambo moja halina mjadala, nalo ni waya wa arthi. Usikubali kushika gitaa na kuimba katika kipaza sauti kwa umeme ambao hujui arthi yake imefungwa wapi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey, wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea, huko Wales, baada ya kushika kipaza sauti ambacho arthi yake ilikuwa na hitilafu. Harusi zetu nyingi hupigwa nje, kwa jenereta, juu ya majani yenye umande. Haya, nirudi kwenye swali langu.

Njia hizo za bure hupunguza ugomvi, haziumalizi. Nimemwona mpigaji aliyewekewa amplifaya sikioni kabisa, na bado akaongeza. Ili kuelewa kwa nini, inafaa tulinganishe gitaa la umeme na ngoma.

Pwani hii yetu ni nchi ya ngoma. Hata bendi mbili zilizotikisa Dar es Salaam kwa miaka mingi zilichukua majina ya mitindo yao katika ngoma za Wazaramo. Sikinde ni mtindo wa Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978. Na Msondo ni wa ile bendi iliyozaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye ikabaki na jina la ngoma yenyewe. Basi chukua ngoma yoyote ya ngozi. Kabla ya kupigwa hupashwa kwa moto wa makuti makavu ili ngozi ikaze; usiku ukiwa na unyevu ngozi hulegea, na lazima ipashwe tena. Haina kitufe. Anayetaka kuongeza sauti analipa kwa kiganja, kwa bega na kwa pumzi. Akipiga kwa nguvu zake zote kwa muda mrefu, mwili wenyewe humwambia apunguze, au mwenzake anakuja kumpokea. Nguvu ilikuwa na bei yake, na aliyelipa ni yule yule aliyeitumia.

Kitufe kimeihamisha bei hiyo. Kijana anazungusha kidole upana wa punje ya mahindi, hatoki hata jasho, na mahali fulani mtu mwingine analipa. Analipa mcheza aliyesimama mbele ya spika, kwani vile vijinywele vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviOti tena. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kumbi wa mwaka 2022, lilitaka wastani wa sauti usizidi desibeli 100 kwa kila dakika 15. Analipa jirani mwenye mtoto mchanga, ambaye hakualikwa harusini. Sikio halina kope, haliwezi kufumbwa. Nadhani hapa ndipo penye tatizo lenyewe, na si katika bendi tu. Mahali ambapo nguvu haimchoshi anayeitumia, mwili wake haumwonyi tena, na lazima aonywe na kitu kingine. Kitu hicho ni kipi?

Kwetu sisi aliyelipa alikuwa mwimbaji. Tulikuwa na mwimbaji wa kike, binti wa watu wa pwani hii hii, mwenye sauti ambayo sitajaribu kuieleza, maana walioisikia wanaijua na wasioisikia hawatanielewa. Aliimba nasi misimu mitatu ya harusi. Anayeijua Pwani anajua mwezi wa Shaabani ulivyo: kila mtu anataka kuoza kabla ya mfungo, na bendi hutoka kwenye harusi moja ikaingia nyingine. Spika ya kujisikilizia tulikuwa nayo moja tu, na ilielekezwa kwa wapiga magitaa. Msimu wa tatu sauti yake ilianza kukwaruza. Asubuhi alikuwa hawezi kusema. Akanywa tangawizi na asali. Wakubwa wakasema ni baridi ya usiku. Wengine wakasema ni kijicho. Hospitalini wakakuta vinundu katika nyuzi za sauti, vile vinavyomtokea mtu anayelazimisha sauti muda mrefu. Akaambiwa anyamaze majuma kadhaa, kisha ajifunze upya kuitumia. Aliporudi aliimba nyimbo mbili, akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akaaga. Hajaimba tena.

Tulikutana chini ya mwembe kuzungumza nani alipie matibabu, na hapo ndipo nilipoona jinsi akili za watu wema zinavyofanya kazi. Mpiga solo alisema, "Mimi siku zote nilikuwa kwenye sita, muulizeni fundi." Mpiga rizimu alisema yeye alimfuata solo. Mpiga besi alisema besi ni sauti ya chini, haiwezi kumfunika mwanamke. Jambo ambalo si kweli, kwani besi likizidi hulifunika kila lililo juu yake. Mpiga kinanda alisema msimu wa kwanza hakuwapo. Fundi mitambo alisema alimpandisha mwimbaji mpaka mluzi ukaanza, angefanya nini zaidi? Karibu wote walikuwa wakweli. Ukizijumlisha kweli zao ukapata koo la mtu mmoja limeharibika, na hakuna aliyeliharibu.

Watu wanne wakipita kwenye gunia la mpunga la mjane, kila mmoja akachota kibaba mpaka gunia likaisha, kila mmoja anaweza kuapa kwamba alichukua kibaba tu. Lakini mjane hakupoteza kibaba. Kwa maoni yangu hesabu ya namna hii haigawanyiki. Mtu hawezi kusema, "Robo ya kosa ni yangu, nimelipa robo, sasa nalala." Alichoshiriki ni gunia zima, na shughuli ya mjane huyo ni yake yote. Wapo watakaosema nimekaza sana. Pengine. Tulichanga sawa kwa sawa, nami nilichanga ingawa tumba zangu hazina kitufe, kwa sababu mgao wa usiku zile niliupokea kama wao.

Mpiga solo hakupinga mchango. Alipinga nilipopendekeza kwamba tangu siku hiyo tupunguze. Hoja yake naiandika kama alivyoisema, maana ni nzito. "Mzee, unasema kama imamu," aliniambia. "Watu hawatoi kiingilio waje kusikiliza adabu. Sherehe ya pili iko hatua mia tatu tu, ina spika za kukodi na muziki wa kompyuta. Sauti yao ikifika kwetu na yetu isifike kwao, watu wanahama. Tukipunguza sisi peke yetu tumekwisha. Halafu gitaa lina rangi yake linapopanda. Ukilishusha linalia kama bati."

Yote ni kweli, hata hilo la rangi ya gitaa. Na ni kweli pia ndani ya bendi: anayepunguza peke yake wakati wenzake wanaendelea kupanda hajatenda haki yoyote, ametoweka tu. Mafundisho mengi ya unyenyekevu yananishinda hapa. Yanamwambia mtu ajishushe, lakini hayaulizi ni nani atakayeikalia nafasi aliyoiacha. Mara nyingi huikalia yule asiyejishusha.

Nilikwenda kumtembelea yule binti, nikamsimulia mjadala wetu, nikamuuliza yeye anaonaje: nani apunguze kwanza? Alikuwa anachambua mchele. Hakunijibu mara moja. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya sasa, "Mjomba, nyie mlikuwa na vitufe. Mimi kama ningeambiwa nipunguze, ningepunguza nini?"

Niliporudi nyumbani nilitambua kwamba tangu mwanzo tulikuwa tumelishika swali kwa mkiani. Sisi tuliuliza ni yupi kati ya wenye vitufe aanze, na kila mmoja alimtazama jirani yake. Ilitupasa tuanze na wasio na kitufe, yaani koo la mwimbaji na mkono wa mpiga ngoma, kwa sababu hao wana mpaka uliowekwa na mwili, na mpaka huo hauwezi kusogezwa kwa kununua. Wao wawe kipimo. Wenye vitufe wawapandie mpaka hapo, wasipite. Na mwenye kitufe chenye nguvu kuliko vyote ndiye aanze kushuka, kwa kuwa yeye hata akishuka bado anasikika. Simwambii aanze kwa sababu ni mbaya kuliko wenzake. Yeye tu ndiye anayeweza kuanza bila kupotea.

Wakongwe wa dansi walilijua hili kwa njia yao. Katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam bendi ilipiga yote kwa pamoja huku utepe ukizunguka. Hakukuwa na kurudi kesho ukaongeza sauti ya gitaa lako. Sikiliza kanda za Mlimani Park za miaka ya 1980, wakati Michael Enoch alipokuwa kiongozi wa wapigaji. Solo lina maneno yake machache, solo la pili linajibu, rizimu linapita katikati, kila moja linaacha pengo ambalo jingine linaingia. Tarumbeta zinangoja waimbaji wamalize. Magitaa yote yanasikika, na hakuna lililopiga kelele.

Lakini sitaki niwafanye malaika. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachukua nyota kadhaa wa bendi hiyo, wakiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassani Bitchuka, kuanzisha International Orchestra Safari Sound, na waliondoka bila kusita sana. Tena vyombo havikuwa vyao. Vilikuwa vya shirika. Mwanamuziki akihama aliliacha gitaa. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, amplifaya mpya ilikuwa kama ndoto, na iliyokuwapo ilitunzwa isiungue. Inawezekana kabisa kwamba adabu ile tunayoisifu kwenye kanda zao ilikuwa nusu yake uhaba. Nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusikia wazee wenzangu wakiwatukana vijana kwamba hawana adabu ya muziki, wakati sisi tulipokuwa vijana hatukuwa na wati za kukosea adabu.

Kwa hiyo vijana wa leo wanatakiwa kufanya kwa hiari jambo ambalo sisi tulifanyiwa na hali. Hilo ni gumu zaidi, na naona wasilaumiwe kabla ya kusaidiwa.

Tulikubaliana hivi. Mazoezi yaanze bila umeme, chini ya mwembe: mwimbaji, ambaye sasa ni kijana wa kiume, aimbe na tumba peke yake kwa sauti anayoweza kuimba usiku mzima. Kisha magitaa yawashwe moja moja na kupanda mpaka mwimbaji aanze kukaza shingo. Hapo yarudi nyuma kidogo, na kitufe kiwekwe alama ya rangi. Mpiga solo alikubali kwa sharti kwamba waimbaji wakinyamaza, sebene likiingia, yeye apande juu ya alama, kisha ashuke. Niliona ni haki. Kila mtu ana zamu ya kuwa mbele. Spika ya kujisikilizia ikageuzwa kwa mwimbaji.

Harusi ya kwanza tuliyopiga kwa utaratibu huo ilikuwa hapa hapa Zinga. Wazee walisogeza viti karibu badala ya kuvirudisha nyuma. Maneno ya nyimbo yalisikika, na wanawake wakaimba pamoja nasi, jambo ambalo lilikuwa halijatokea siku nyingi. Lakini kundi la vijana liliondoka mapema kwenda kwenye spika za kukodi, na mwenye harusi alituita pembeni wakati wa malipo. Alisema muziki wa leo ulikuwa mdogo, watu wamemuuliza kama jenereta lilikuwa bovu, akatukata shilingi elfu hamsini. Mpiga solo alinitazama, wala hakusema neno.

Bado yuko nasi, na alama bado ziko. Juzi wakati wa kufunga vyombo niliinama kuitazama amplifaya yake, nikaona alama nyeupe imefutika na nyingine imewekwa, juu ya ile ya kwanza kwa upana wa ukucha. Nilimuuliza. Akasema ni unyevu, mzee, rangi haishiki. Nikachukua kopo la rangi na brashi, tukakaa wote wawili chini kuitafuta ile ya zamani.